Sikuzimia, nilikaa chini tu

Nyote mshaisikia, najua. Tangu jana magharibi simu yangu inalia kama ya mgombea. Shoga yangu (jina lake nalihifadhi, ingawa langu yeye hakulihifadhi hata dakika tano) ameshapeleka sauti kwenye magrupu matatu: la upatu, la ukoo, na lile la wazazi wa skuli, ambalo mie hata mtoto sina humo. Kwenye sauti yake mie nimezimia hapa Unguja, Darajani, kwenye duka la kubadilisha fedha, nimemwagiwa maji, na kijana wa watu nimemkaba shati.

Naomba nirekebishe. Sikuzimia. Nilikaa chini. Maji nilipewa ya kunywa. Na shati sikulifikia, kuna kioo.

Haya. Safari yangu ya Maskati, Oman, mnaijua. Kama huijui, basi weye si mtu wa mtaa huu, maana nilihakikisha mpaka muuza urojo anaijua. Kuna duka la mabuibui huko Seeb linataka fundi, na mwenyewe kasema viza juu yake, tiketi juu yake, cherehani zipo. Mie nijitazame kwa chumba na tumbo miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu malipo ni kwa kila buibui linalotoka, na fundi mgeni hatoi mengi.

Nikampigia mtoto wa ami yangu. Yuko huko miaka ishirini na ushei. Nikamwambia, ndugu yangu, niandikie maisha ya huko mwezi mmoja yanakula kiasi gani, usinifiche. Wallahi hakunificha. Aliniletea picha ya karatasi, kaandika kwa mkono, hati nzuri kama cheti cha ndoa. Na chini yake sauti fupi: "Nimekuwekea kwa hesabu ya kwetu, usije ukababaika."

Hesabu ya kwetu. Pashikeni hapo, tutaparudia.

Karatasi inasema: Chumba 90.000. Umeme na maji 15.000. Chakula 45.000. Simu 10.000. Nauli 20.000. Jumla 180.000.

Sasa nyie mnaocheka, jiwekeni mahali pangu. Mtu kitovu chake kimezikwa Wete, Pemba, anakwambia "hesabu ya kwetu". Chumba tisini elfu. Mie hapa Kwahani nalipa themanini, na choo tunagombea watu sita. Ningeshtuka kwa nini? Nikasema hiyo elfu kumi ya juu ni ya kiyoyozi. Kwenye umeme nilisita kidogo, maana elfu kumi na tano kwa mwezi na kiyoyozi usiku kucha, wakati tukuza yangu, umeme wa kulipia kabla, ya elfu tano hainimalizii wiki na nina feni moja na taa mbili. Lakini nikajijibu: wale wana mafuta. Chakula elfu arubaini na tano nikajijibu: wale wana pwani ndefu, samaki hawana bei. Kila tarakimu ilipoleta shaka mie nilikuwa na jawabu lake. Ingekuwa mtihani ningefaulu.

Na nukta niliziona. Niliziona kwa macho yangu haya. Nilidhani mtoto wa ami kalamu yake inakatika mkia, koma zinatoka nukta.

Fedha zangu zilikuwa milioni moja na laki tisa: upatu, akiba, friji niliyouza na kabati niliyouza. Pasipoti ilikula 150,000. Ikabaki 1,750,000. Gawa kwa 180,000, miezi tisa na kitu! Na mie natakiwa mitatu. Mtu mwenye miezi sita ya ziada hufanya nini? Hufanya shughuli.

Nyie mlikuwapo, mlikula, msinitazame hivyo. Pilau, kachumbari, sharbati, kanga za sare. 450,000 ikayayuka siku moja, na mie natembea katikati ya ukumbi naagwa kama bibi harusi. Nikaomba kusema machache. (Video ipo. Shoga yangu anayo. Kaituma pia.) Nilisema hivi, nanukuu kabla hamjaninukuu nyie: "Kuna watu wanatishana Maskati ghali, Maskati ghali. Maskati si ghali. Watu hawajui kupanga bajeti."

Makofi. Vigelegele. Shangazi mmoja alinitunza elfu tano.

Usiku ule ule godoro na feni nikampa mtoto wa kaka yangu, maana ndiyo kwanza kaoa. Mwenye nyumba nikamwambia chumba nakiacha mwisho wa mwezi. Kila aliyenikumbatia nilimuahidi kitu: huyu udi, huyu halua, yule bangili. Daftari la ahadi ninalo, kurasa mbili na nusu.

Ndiyo jana sasa.

Tulikwenda wawili kubadilisha shilingi ziwe rial, fedha za Oman, mie na huyo shoga yangu mtangazaji, kwa sababu milioni moja na laki tatu hazibebwi peke yako. Nilizifunga kwenye pindo la kanga, kanga nikaivaa ndani, buibui juu. Kufika dirishani ikabidi nigeuke ukutani, shoga anizibe kwa mtandio, nifungue fundo. Fundo likakataa. Foleni nyuma yetu imesimama kimya, watu wazima na heshima zao, wanatazama dari. Nikalifungua kwa meno.

Noti mia na thalathini za elfu kumi. Nikazisukuma chini ya kioo kwa mikono miwili. Kijana akaziweka kwenye mashine, trrrrrrr, akazigeuza, trrrrrrr tena. Mie natabasamu. Bei ya rial sikuuliza. Niulize ya nini, na mtu nishawekewa kwa hesabu ya kwetu?

Kijana akafungua droo. Akatoa noti moja. Akatoa ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akazilainisha, akazipanga, akazisukuma kwangu pamoja na risiti. Akaifunga droo.

Nikangoja.

Naye akangoja.

Nikamwambia, "Na nyingine, mwanangu?"

"Nyingine zipi, mama?"

Nikazitazama. Hamsini, hamsini, hamsini, hamsini. Kila moja ina sifuri moja tu, pweke. Nimeingiza furushi limejaa viganja viwili, natoka na noti nne ambazo hata kufungia pindo haziwezi, zitateleza.

"Mia mbili," kijana akasema. "Leo tunauza rial moja 6,500. Unakwenda matembezi?"

Hapa jamani ningesema ndiyo, matembezi, nikatoka na heshima yangu, hadithi hii msingeipata. Lakini mie ni mtu wa maelezo. Nikainua sauti kidogo foleni nayo ifaidike: "Siendi matembezi, nakwenda kuishi. Hizi za miezi saba."

Kijana akacheka. Si kwa ubaya, alidhani ni utani. "Miezi saba kwa rial mia mbili! Mama, kaka yangu yuko huko. Chumba peke yake tisini."

"Tisini elfu."

"Tisini."

"Elfu."

"Rial tisini, mama."

Shoga yangu akanivuta mkono. Nikamtoa mkono. Nikachukua simu, nikafungua picha, nikaibandika kwenye kioo mbele ya uso wake: "Soma! Mwandishi yuko huko huko, si mtu wa kuambiwa!"

Akasoma. Polepole. Midomo inatembea. Kisha akanyanyua biro, akaigusisha kioo upande wake, ncha imesimama juu ya ile nukta. Tik.

"Mama, hii ni nukta. Rial moja ina baisa elfu moja, ndiyo maana mbele ya nukta wanaandika sifuri tatu. Hizi sifuri ni baisa. Yaani hapa hakuna baisa. Tisini kavu."

Tik, akagusa ya umeme. Kumi na tano kavu. Tik, chakula. Tik, simu. Tik, nauli. Kila tik mie nazidisha kwa 6,500 kichwani, na kichwa changu, ambacho mwezi mzima kililala usingizi wa pono, jana ndiyo kikaamua kuwa hodari wa hesabu. Mia na themanini mara 6,500. 1,170,000. Kwa mwezi. Mmoja.

"Na kuna picha ya pili hapa," kijana akasema. "Umeiona?"

Sikuiona. Nani anafungua picha ya pili na ya kwanza imemfurahisha? Ukurasa wa pili una mistari miwili: Amana ya chumba, mwezi mmoja mbele, 90.000. Godoro 25.000.

Godoro! Na mie langu lilikuwa juu ya baiskeli ya mtoto wa kaka tangu wiki iliyopita.

Mia na themanini, na tisini, na ishirini na tano. Mia mbili na tisini na tano. Ninazo mia mbili. Nadaiwa rial tisini na tano na Maskati, na Maskati yenyewe hata hainijui.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Sakafu ya pale ni ya marumaru, ya baridi, nikaona inanifaa. Nyuma yangu akasimama mzee mmoja wa kanzu na kofia ya viua, mtaratibu sana. Akaniinamia, nikajua ananipa pole. Akasema, "Mwanangu, baisa na pesa ni neno moja hilo. Wazee wetu hapa walihesabu kwa pesa, na rupia ikadumu mpaka 1936, ndipo ikaja shilingi." Nikamwambia ahsante. Akaendelea. Akaeleza rupia. Mie niko sakafuni, noti nne mkononi, napewa darasa la historia, na shoga yangu pembeni simu kaishika juu, ati anatafuta mtandao. Kumbe anarikodi.

Yaliyobaki nayapitisha mbio. Nilitaka nirudishiwe shilingi zangu. Kijana akaniambia risiti imeshatoka, ila anaweza kuzinunua tena, na kununua anafanya kwa 6,300. Hesabuni wenyewe: 1,260,000. Nimeingia na kutoka mlango ule ule, hata Malindi ya hapa mjini sijafika, 40,000 imekwenda. Mwenye duka wa Seeb nimempigia, mtu muungwana, kanipa mpaka baada ya sikukuu. Mwenye nyumba kasema chumba kimeshapata mtu, lakini bahati yake mtu mwenyewe hajalipa na mie nimelipa. Friji na kabati ndiyo zimekwenda hizo, wanazo wenyewe na wamezipenda.

Na mtoto wa ami nilimpigia nikiwa bado pale Darajani, barabarani, watu wanapita.

"Si ulisema umeniwekea kwa hesabu ya kwetu?"

"Ndiyo. Ya kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Kwetu huku."

Kwao huko! Mtu nimekula naye muhogo wa nazi kwenye sahani moja Wete, tumetafuta pamoja karafuu za kuokota chini ya mikarafuu ya watu, leo kwetu kwake ni Seeb. Nikakata simu. Kisha nikampigia tena, kwa sababu mwenye uwezo wa kunikopesha hizo tisini na tano ni yeye peke yake.

Hapo nyumbani mtaa mzima wananiita Nukta. Watoto wa jirani wameshajua, leo asubuhi mmoja kanisalimia "shikamoo Bi Nukta" na adabu zake zote, nikaitikia marahaba kabla sijafahamu. Wale wa daftari la ahadi, udi wenu upo palepale dukani unapouzwa.

Nimelala mkekani. Joto la kaskazi hili mnalijua. Saa nne usiku nikamwandikia mtoto wa kaka, kwa upole, kwamba mwanangu, godoro nimekuachia, lakini lile feni shangazi yako nalihitaji, na kwa kuwa nilikupa kwa moyo mmoja niko tayari kukupoza kidogo. Akakaa kimya muda mrefu. Nikajua anashauriana na mkewe.

Kisha jawabu likaja: "Sawa shangazi. 30.000."

Nimeitazama hiyo nukta mpaka saa saba. Bado sijamjibu.