Datsun 240Z na hoja ya magurudumu makubwa

Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, ilipoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969 ilivaa rimu za chuma za inchi 14, zenye upana wa inchi nne na nusu tu, pamoja na matairi ya milimita 175. Kwa jicho la leo magurudumu hayo huonekana membamba mno chini ya bodi ndefu kama ile, na wamiliki wengi huyang'oa ili waweke ya inchi 16 au 17.

Hoja yao yenye nguvu zaidi, hata hivyo, haihusu sura bali upatikanaji wa matairi. Viwanda vimeelekeza juhudi zake kwenye vipimo vikubwa, hivyo anayetafuta tairi la inchi 14 la kushika vizuri barabara yenye maji hubaki na machaguo machache, na tairi lililokaa ghalani miaka mingi hukauka mpira hata kama halijawahi kutembea. Hoja hii naikubali bila kusita, kwa sababu inagusa uhai wa dereva. Rimu kubwa huacha pia nafasi ya diski pana zaidi za breki.

Lakini kipenyo cha gurudumu zima hakina budi kubaki karibu na kile cha awali, takriban milimita 640, la sivyo kipimamwendo kitadanganya na gia zitabadilika tabia. Kwa hiyo kila rimu inapokua, ubavu wa tairi, yaani kimo cha mpira kutoka rimu hadi barabarani, hupungua: ule wa awali ulikaribia milimita 140, wa 205/60 (upana wa milimita 205, ubavu asilimia 60 ya upana huo) kwenye rimu ya inchi 15 ni 123, na wa 225/45 kwenye rimu ya inchi 17 ni kama 101. Ubavu huo ndio springi ya kwanza ya gari. 240Z, yenye uzito unaozidi kidogo tu tani moja, ilipangiwa springi na shokapu zake kwa kuutegemea, na ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 kwenye njia za mawe na matope za Afrika Mashariki.

Usukani nao hauna pawa. Tairi likipanuka na rimu ikatokeza nje, usukani huwa mzito wakati wa kuegesha, na kwa mwendo wa kasi huvutwa na kila mfereji wa lami, huku beringi zikibeba mzigo ambao hazikuundiwa.

Ningeishia inchi 15, na tairi la 195 au 205, kisha rimu za awali nizihifadhi. Inchi 16 inavumilika. Tatizo la inchi 17 pana ni kwamba mara nyingi huishia kwa fundi kukunja au kukata ukingo wa madigadi ili tairi lisikwaruze. Rangi hupasuka kwenye maungio, maji huingia, na bati la gari hili, ambalo tangu lilipokuwa jipya lilikuwa dhaifu mbele ya kutu, huanza kuoza mahali ambapo hakuna rimu itakayolirudisha.