Kampeni ya kansa ya ziwa si ya kuchekeshea wanaume

Oktoba iliyopita hapa Tabora, kwenye bonanza la kuhamasisha upimaji wa saratani ya matiti, MC alishika maikrofoni akawataka wanaume wote wasimame. Wakasimama. Akawaambia, "Usiku wa leo kila mtu akakague mali zake kabla hazijaoza!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, vijana wa bodaboda wakapiga honi. Nyuma yake walipangwa wasichana waliovaa fulana za pinki zenye picha ya viganja viwili kifuani, kila kiganja mahali pake, na chini yake neno moja: OKOA.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, na kiti cha pili yake alikaa kijana aliyeoa binti yake. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa maana ya mama kusikia maneno yale akiwa ameketi na mkwewe. Alivuta kitenge cha mabegani akajitanda hadi kichwani, akanyanyuka, akatoka. Wakamfuata wa rika lake, mmoja baada ya mwingine. Nesi aliyeletwa kufundisha namna ya kujipima alipopewa nafasi, alikuta waliobaki wengi ni vijana wa kiume na wanafunzi.

Nimekaa na hasira hiyo mpaka leo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote cha kutajwa, zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Maana yake yule mama ndiye hasa aliyeitiwa bonanza. Mahema, muziki na maji ya kunywa viligharamiwa kwa ajili yake, halafu akafukuzwa kwa sentensi moja kabla hajaambiwa kwamba uvimbe wa hatari mara nyingi hauumi.

Najua nitakachojibiwa: bila vichekesho watu hawaji. Wengine watasema mimi ni mshamba, dunia imebadilika. Basi niseme kwamba mimi ni Mnyamwezi, na mzaha mbele ya mauti nimeukuta nyumbani. Kwetu mtani, yaani mtu wa kabila tunalotaniana nalo kwa desturi, anaingia kaburini anagoma kutoka mpaka apewe hela. Anavaa koti la marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayemkasirikia, kwa sababu mtani huyohuyo ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba lile kaburi, akapasua kuni, akateka maji ya msiba. Kicheko chake kinakwenda pamoja na kazi yake. Yule MC hakuwa amembebea mzigo wowote mwanamke yeyote pale uwanjani, na hakuwa na mpango wa kumbebea.

Ila hata hilo ningelimeza. Nisichoweza kukimeza ni lile neno mali. Mzaha wa namna ile hausemi na mwanamke kabisa, unasema na mume wake. Unamwambia mume kuna kitu chake kinakaribia kuharibika, awahi. Mwanamke mwenyewe hayumo, ni kibebeo tu cha mali ya mtu.

Mama yangu mdogo alitolewa ziwa la kushoto. Alichelewa kwenda hospitali, na sababu haikuwa kutojua. Uvimbe aliujua mapema, akaufunika kwa kanga na blauzi pana, akanywa dawa za miti shamba kwa siri. Siku alipofunguka alisema jambo moja ambalo sijalisahau: aliogopa zaidi mumewe ajue kuliko alivyoogopa kufa. Na hofu yake ilikuwa na msingi. Aliporudi kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, na kifua kimefungwa bandeji, mumewe hakutamka neno baya hata moja. Alihamishia godoro lake chumba cha watoto, na hakurudi tena.

Mama mdogo alijishonea kimfuko kwa kipande cha kanga, akakijaza pamba, akatia na mtama kidogo ndani ili kiwe na uzito unaolingana na upande wa pili. Kila asubuhi anakipachika kwa pini ndani ya sidiria kabla hajatoka kwenda gengeni. Sasa mwanamke huyo akiwa pale uwanjani, akasikia mamia ya watu wakicheka kuhusu mali iliyooza, anaelewa nini? Anaelewa kwamba mumewe alikuwa sahihi. Na jirani yake ambaye bado anaficha uvimbe wake anaelewa kwamba aendelee kuuficha.

Wanaosema mambo haya yamefanikiwa kwa wenzetu, nawakubalia kidogo. Uingereza kulikuwa na Kris Hallenga, aliyegundulika na saratani ya ziwa akiwa na miaka 23, tayari imeshasambaa mwilini. Mwaka 2009 alianzisha shirika la CoppaFeel! akawafundisha wasichana kujikagua kwa utani wa wazi kabisa, mpaka alipofariki mwaka 2024. Lakini alikuwa anautania ugonjwa wake, katika mwili wake. Argentina nao, mwaka 2016, shirika la MACMA lilitumia kifua cha mwanamume mnene kuonyesha hatua za kujipima, kwa kuwa mitandao ya kijamii ilikuwa inafuta picha za kifua cha mwanamke. Watu walicheka, na walipomaliza kucheka walikuwa wamejua mkono unaanzia wapi na unaishia wapi. Mzaha wa hivyo una faida, sibishi. Marekani hata mahakama iliingia: mwaka 2013 mahakama ya rufaa ilisema wasichana wawili wa Pennsylvania wana haki ya kuvaa shuleni bangili zilizoandikwa kwamba mvaaji anapenda matiti. Haki wanayo. Bangili hiyo bado haimwambii mtu kwamba ngozi ya ziwa ikiwa kama ganda la chungwa, au chuchu ikiingia ndani ghafla, aende hospitali wiki hiyohiyo.

Na wanaume nao wanaugua kansa hii, japo ni wachache. Siku ile walisimamishwa ili wacheke tu. Hakuna aliyewaambia nao wajikague vifua vyao.

Wanawake wa mkoa huu wakichelewa, gharama ya kuchelewa si ndogo. Tiba ya mionzi inafuatwa Mwanza au hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hiyo ni nauli, ni chakula na malazi ya mgonjwa na anayemuuguza, kwa wiki na wiki. Nimeona mashamba yakiuzwa Sikonge kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia utani wa MC ni jambo dogo, namwomba anitajie mwanamke mmoja aliyetoka pale uwanjani akaenda kupimwa kwa sababu ya ule utani.

Oktoba inakuja tena. Wanaoandaa watenge hema la wanawake peke yao, waweke nesi na pazia, na nesi aanze kabla ya muziki. Fulana ziandikwe dalili, kwa herufi kubwa, pamoja na uvimbe wa kwapani ambao wengi hawaujui. Wanaume waitwe pembeni waelezwe namna ya kumsindikiza mke hospitali na namna ya kuishi naye akirudi. Na kama kuna mama aliyepitia kisu na dawa kali za kansa, kemo, akarudi, na anataka kutuchekesha kwa yaliyompata, yeye apewe maikrofoni, aseme atakavyo mpaka achoke.