Harishchandra alitimiza ahadi, lakini deni alililipa nani?

Sisi tunasema ahadi ni deni, na mara nyingi tunaisema juu juu tu, mtu anakuahidi atakuja kesho, we unamjibu ahadi ni deni, mnaagana basi. Sasa Wahindi wana mfalme aliyeibeba kauli kama hiyo jinsi ilivyo mpaka akabaki hana kitu. Anaitwa Harishchandra, mfalme wa Ayodhya, na kule India mpaka leo mtu mkweli sana anafananishwa na yeye. Hiki kisa naipenda nguvu yake na kinaniuma hapo hapo, na nadhani wote wawili, anayekisifia na anayekilaani, wana hoja.

Kwenye Markandeya Purana, kitabu cha kale cha hadithi za dini ya Kihindu, kisa kinaenda hivi. Mfalme yuko porini anawinda, anasikia sauti za kike zikiomba msaada, anapaza sauti kumtisha huyo mwonevu, kumbe zile sauti ni za elimu zenyewe kwa sura ya wanawake, ambazo mtawa Vishwamitra alikuwa karibu kuzitawala kwa mfungo na ibada zake. Mtawa anawaka hasira. Mfalme anajitetea kwamba kazi ya mfalme ni kulinda wanyonge na kutoa sadaka, na mtawa anamshika hapo hapo kwenye kutoa, anamwambia haya nipe, na mfalme anatoa ufalme wote, ardhi, jeshi, hazina, kila kitu isipokuwa mwili wake na wa mke na wa mtoto. Halafu mtawa anasema bado hujanipa ile sadaka ya kuhani, yaani malipo yake ya ibada, na anampa mwezi mmoja awe ameilipa. Ndo familia inaenda Varanasi kwa miguu, manake ule mji ni wa mungu Shiva, haumo kwenye ardhi iliyotolewa.

Mwezi unaisha hana hata senti. Mke wake, Shaivya, anamwambia niuze mimi. Mfalme anazimia kwa kusikia tu, akizinduka deni bado lipo, anamuuza kwa mzee mmoja wa tabaka la makuhani, mtoto anang'ang'ania nguo ya mama yake hataki kuachia basi na yeye ananunuliwa. Bado haitoshi, mfalme anajiuza mwenyewe kwa mtu wa tabaka la chini kabisa, anakuwa mtumwa wa kukusanya ada na nguo za maiti pale wanapochomea. Mpaka leo Varanasi kuna ngazi za mtoni zinaitwa Harishchandra Ghat na maiti bado zinachomwa pale. Mwisho mtoto anaumwa na nyoka anakufa, mama anamleta kumchoma, na mlinzi wa moto ni baba yake.

Sasa wanaoisifia hadithi mi nawaelewa kabisa. Kwanza ilitungwa kumhusu mfalme, yaani mtu ambaye angeweza kukana ahadi yake na nani angemfanya nini? Pili inamshusha mpaka chini kabisa kisha inafunua kwamba yule bwana wake wa pale wanapochomea maiti alikuwa Dharma mwenyewe, haki katika sura ya mtu anayedharauliwa, na hilo kwenye jamii ya matabaka si jambo dogo. Tatu, na hapa ndo huwa machozi yananilenga, miungu wanamfufua mtoto wanamwambia mfalme twende mbinguni, anakataa. Anasema watu wa Ayodhya wanamlilia, hawezi kuwaacha, kama ana thawabu zozote zigawanywe kwao wote, hata kama ni pepo ya siku moja basi iwe pamoja nao. Huyo si mtu anayetafuta sifa.

Na hadithi imefanya kazi kweli duniani. Gandhi akiwa mtoto kule Rajkot aliona mchezo wa kuigiza wa Harishchandra na anasimulia kwenye kitabu cha maisha yake kwamba ulimshika akawa anauigiza peke yake mara zisizohesabika, akijiuliza kwa nini watu wote wasiwe wakweli hivyo. Ukitafuta mzizi wa ile nguvu yake ya kukubali jela bila kugeuza neno, sehemu yake iko pale.

Lakini hebu rudi kwenye lile soko. Mfalme ndiye aliyeahidi, waliouzwa kwanza ni mke na mtoto. Utasema Shaivya alijitolea mwenyewe, sawa, ila mwanamke ambaye mume wake ameshagawa kila kitu na mtawa mkali anasubiri mlangoni alikuwa na njia gani nyingine ya kuchagua? Na mtoto ndo hakuulizwa kabisa, kwenye ile Purana wakati wazazi wanalia habari za ahadi yeye anasema ana njaa, ulimi umekauka. Mtu wa pwani yetu akisoma mama na mtoto wanauzwa hawezi kupita haraka, soko la watumwa la Zanzibar limefungwa 1873 tu.

Huyo huyo Gandhi anatupa mfano mwingine na ameusimulia mwenyewe bila kuficha. Mwaka 1901 akiondoka Afrika Kusini jamii ya Wahindi wa kule ilimpa zawadi nyingi, ikiwemo mkufu wa dhahabu wa gini 50, pesa ya zamani ya Kiingereza, kwa ajili ya mke wake Kasturba. Akakesha akiwaza, akaamua mtumishi wa watu hapokei zawadi, vyote viwekwe kwenye mfuko wa jamii. Kasturba akalia akapinga, akamwambia mkufu ni wangu, na utumishi wako ni utumishi wangu pia kwa sababu nimekutumikia usiku na mchana. Mkufu ukaenda. Mi naona Gandhi alikuwa sahihi kuhusu zawadi zake, na Kasturba alikuwa sahihi kuhusu mkufu wake, na ule utukufu wote wa kujinyima tunauhesabu kwa jina la mmoja tu. Hata filamu ndefu ya kwanza ya India, ya Dadasaheb Phalke mwaka 1913, ni ya mfalme Harishchandra, na nafasi ya malkia ikachezwa na mwanaume, Anna Salunke, kwa kuwa Phalke hakupata mwanamke wa kuicheza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba ujasiri wa kulipa deni lako kwa mwili wako, kama alivyofanya pale kwenye moto, nauinamia kichwa, ila kulipa kwa mwili wa mwingine kunahitaji jina tofauti hata kama machozi ni ya kweli. Na hili si jicho la mgeni, mapokeo ya Wahindi wenyewe yalishaliona, kuna simulizi ya zamani zaidi kwenye Aitareya Brahmana, kitabu cha kale cha ibada za Kihindu, ambayo mitandaoni huwa haisambazwi. Humo Harishchandra hana mtoto, anamwahidi mungu Varuna kwamba akimpata atamtoa kafara. Anapewa Rohita, halafu anaanza kusogeza tarehe, ngoja aote meno, ngoja yang'oke, ngoja yaote mengine, mpaka kijana anakimbilia porini na mfalme anavimba tumbo kwa ugonjwa. Rohita anamnunua mtoto wa kuhani maskini, Shunahshepa, kwa ng'ombe 100, afe badala yake. Baba wa mtoto anachukua 100 wengine kumfunga kwenye nguzo, na 100 tena akubali kushika kisu.

Shunahshepa anaomba, kamba zinafunguka moja moja, mfalme anapona. Baba yake anamwita arudi nyumbani. Mtoto anamkatalia mbele ya watu wote, anamwambia ulipendelea ng'ombe 300 kuliko mimi, kisha anaenda kukaa kama mwana wa Vishwamitra.