Guy Béart alikuwa na haki

Nimekerwa tena na kile kipande cha Desemba 1986 cha Apostrophes, kipindi cha vitabu cha televisheni ya Ufaransa. Kila akitajwa Guy Béart, mwimbaji na mtunzi wa Kifaransa, watu hukimbilia hapohapo: mwimbaji mwenzake Serge Gainsbourg anasema wimbo ni sanaa ndogo, Béart anapinga, Gainsbourg anamtusi kwa jina la mnyama mbele ya Bernard Pivot, mwendesha kipindi. Basi, mtu mzima na kazi zake zote anakumbukwa kwa tusi alilotukanwa.

Hoja ya Gainsbourg ilikuwa kwamba sanaa kubwa, kama uchoraji na usanifu wa majengo, lazima ufundwe kwanza ndipo uielewe, na wimbo haudai hayo. Anaambiwa nani? Béart, mzaliwa wa Cairo wa mwaka 1930 aliyekulia Lebanon, alisomea uhandisi Paris, École nationale des ponts et chaussées. Mafunzo magumu aliyajua. Na mimi naona ugumu wa wimbo uko papo hapo anapopadharau Gainsbourg. Sikilizeni L'eau vive, wimbo alioutungia filamu ya mwaka 1958. Msichana anafananishwa na maji yanayokimbia, sauti inapanda kidogo, inateremka, na mtoto anaushika upesi. Watoto wa Ufaransa wameuimba darasani kizazi baada ya kizazi, kana kwamba ulikuwepo tangu enzi za mababu. Kutunga kitu chepesi namna hiyo, kisichoonyesha jasho la mtunzi hata tone, ni kazi nzito mno. Anayebisha ashike gitaa atunge beti nne tu, kisha aone kama kuna mtoto atakayezikumbuka kesho yake.

Nakubali, shingo upande, kwamba siku ile Béart hakujisaidia. Aling'ang'ania mno, na mwenzake, ambaye nyimbo zake nazipenda sana, alikuwa na ulimi mwepesi. Lakini tusi si hoja.

Januari 2015, akiwa na miaka 84, Béart aliliaga jukwaa la Olympia, ukumbi wa muziki wa Paris, kwa kuimba kwa muda wa saa nne na zaidi. Alifariki Septemba ya mwaka huohuo.

Kinachoniuma zaidi ni televisheni yake kusahaulika. Katika Bienvenue, kipindi alichokianza miaka ya 1960, watu kama mchekeshaji Raymond Devos na mwimbaji Georges Brassens walikaa, wakazungumza, wakaimba, na mwenyeji wao alijua kunyamaza na kusikiliza. Natamani vipindi vile virudishwe hewani vyote, vizima, bila kukatwakatwa.