Mashine ya Moshi Isiyotoa Moshi

Mdogo wangu anajenga Njiro, Arusha. Juzi ameniandikia: "Kaka shikamoo. Ukija Desemba niletee ile mashine ya moshi niliyoiona chumbani kwa watoto kwenye video." Nikacheka. Kwanza kwa sababu sisi ni watu wa Moshi, pili kwa sababu mashine yangu, ya kuongeza unyevu hewani, haitoi moshi wowote. Ukiitazama usiku kucha huoni kitu. Nikamjibu siileti, naye kanuna, anadhani namnyima raha za Marekani. Ndiyo maana naandika.

Naishi Minneapolis mwaka wa tisa sasa. Msimu wangu wa kwanza wa baridi nilidhani naumwa. Nilikuwa naamka na damu puani, midomo imepasuka, koo kama nimelala nimemeza unga wa mihogo. Nikigusa kitasa cha mlango, napigwa shoti ndogo. Nikasema nyumba hii umeme umefungwa vibaya, nikamwita mwenye nyumba. Alikuja, akagusa kitasa, akacheka, akaniambia nyumba haina tatizo, ni hewa kavu.

Baadaye nikaelewa. Hewa ya baridi kali haibebi maji mengi. Ukiichukua ile ya nje, nyuzi 15 chini ya sifuri, ukaiingiza ndani na kuipasha moto mpaka 21, maji yake yanabaki yale yale kiduchu, ila sasa hewa yenyewe ina kiu. Inakunywa popote inapopata: puani mwako, kwenye ngozi, hata kwenye sakafu ya mbao mpaka inaachia nyufa. Nilinunua kipimo kidogo cha unyevu, kikasoma asilimia 14. Inayopendekezwa kwa ndani ya nyumba ni kama 30 hadi 50.

Basi nikanunua mashine. Inavyofanya kazi, mtu yeyote aliyesoma kwa koroboi ataelewa mara moja. Ndani kuna utambi mpana, umekaa kwenye maji na kuyanyonya kama ule wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Feni inavuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye utambi uliolowa, hewa inatoka na unyevu wake. Basi. Hewa ikishaanza kushiba, maji yenyewe yanapunguza kasi ya kukauka, kwa hiyo si rahisi chumba kulowa. Na kwa kuwa ni mashine janja, ya kuunganishwa na simu, ina kipimo chake: nimeiwekea 40, ikifika hapo inazima feni, ikishuka inawasha.

Kuna aina nyingine, ile inayorusha ukungu mweupe, na nadhani hiyo ndiyo mdogo wangu anaiwaza. Ile haikaushi maji, inayapasua kuwa matone madogo sana na kuyarusha pamoja na kila kilichoyeyuka ndani yake. Maji yakiwa na chokaa, asubuhi unakuta vumbi jeupe juu ya televisheni. Sasa fikiria Arusha, kwenye maji ya miteremko ya Meru yenye floraidi iliyowapaka watu meno ya kahawia. Hayo ndiyo unataka kuyarusha hewani chumbani kwa mtoto? Ya utambi angalau madini yanabaki kwenye utambi, ndiyo maana unakakamaa na lazima ununue mwingine kila baada ya miezi miwili hivi.

Na hapo sijasema habari ya ndoo. Nilikimbia kubeba maji Majengo, nimekuja kubeba maji Minneapolis: lita 4 kila usiku, toka jikoni hadi chumbani. Kila Jumamosi naosha tangi kwa siki, nikisahau linanuka kama bwawa. Ule ujanja wa simu nao nauona ni mbwembwe. Kipimo ni cha maana. Lakini kuinuka kitandani Januari ili niombe programu iniambie chumba kimekauka, wakati pua imeshaniambia?

Lakini watoto wanalala bila kukohoa, kwa hiyo naibeba hiyo ndoo.

Bibi yetu kule Uru alikuwa na mtungi kona ya jikoni. Maji yalikuwa yanapenya taratibu kwenye udongo, yanakauka nje yake, na yaliyobaki ndani yanapoa. Ni kazi ile ile ya utambi wangu, ambao nao unapooza chumba kidogo mpaka hita inaongeza bidii. Tofauti ni kwamba bibi alitaka ubaridi, mimi nataka unyevu, na yeye hakuwahi kuombwa nywila.

Huku nyumba inazibwa kila tundu kwa sababu ukiiacha wazi utaganda. Ukishaipasha moto, unalazimika kununua unyevu ambao kwetu dirisha lingekupa bure. Ni deni unalipa. Mdogo wangu yeye anaziba kwa hiari. Ramani yake haina matundu ya hewa juu ya madirisha, ati ni ya kizamani. Kila dirisha ni kioo cha kuteleza, na dirisha la kuteleza likifunguka lote ni nusu. Juu jipsamu. Masika ikikolea Aprili, atasogeza kabati akute ukungu mweusi ukutani, halafu anaongeza mashine ya kumwaga maji hewani! Julai Arusha kuna baridi, sawa, tunavaa masweta, lakini baridi hiyo haifiki hata karibu na ya kukausha hewa kiasi hiki.

Nina ushahidi. Mwaka jana nilimpelekea mama moja, Moshi. Nilihakikisha chaji yake inakubali volti 100 hadi 240, maana jiko la wali nililomletea zamani lilikuwa la volti 120, lilitoa moshi wa kweli dakika ya kwanza. Tukajaza maji, nikaweka 45. Ikasoma 63, feni haikuzunguka hata kidogo. Mama akasubiri, akasema, "Baba, hii redio yako mbona haiimbi?" Mchana wa Februari namba ingeshuka, sikatai, lakini Februari Moshi nani anakaa ndani kafunga madirisha?

Haikuwahi kuimba. Kamwaga maji, kaifunika kitambaa cha kufuma, kaacha kidirisha cha namba tu wazi. Siku hizi akinipigia simu asubuhi ananisomea: "Leo sabini na moja." Halafu ananiuliza kwangu ni ngapi.