Kutu ya Lori Kuukuu: Ipi Itengenezwe Nyumbani, na Ipi Iachiwe Fundi?

Kwa mwenye lori kuukuu linalobeba mzigo kila siku, kutu si suala la sura. Lori la kazi halitunzwi ili lipendeze. Linatakiwa kubeba, kufika na kurudi, na ndiyo maana ubishi kuhusu kutu yake hautakiwi kufanana na ubishi kuhusu kutu ya gari la kifahari. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi hii haifai kabisa kufanyiwa nyumbani: kutu ikishaingia haitoki, na anayehangaika nayo kwa msasa na puti (kijazo cha kulainishia uso wa bodi) anajidanganya mwenyewe, kisha anamdanganya atakayelinunua lori hilo. Wapo pia wanaosema kuwa grainda, mashine ndogo ya kuchomelea na subira vinatosha, na kwamba fundi bodi hana siri ambayo mtu mwangalifu hawezi kujifunza. Naona kila upande umeshika nusu ya jambo. Wote wawili hubishania mahali pa kufanyia kazi na ustadi wa anayeifanya, ilhali kinachoamua zaidi ni kama mtengenezaji anaweza kuufikia upande wa pili wa bati.

Sababu iko katika namna kutu inavyofanya kazi. Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na chumvi huharakisha mambo kwa kuwa huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi. Kimsingi kutu ni tendo la umeme mdogo unaopita kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Katika miaka ya 1920, mwanakemia wa Cambridge, Ulick Richardson Evans, alionyesha kwa tone la maji ya chumvi lililowekwa juu ya chuma kwamba sehemu inayoliwa ni ile ya katikati ya tone, ambako oksijeni ni haba, wala si ya pembeni ambako hewa hufika kwa urahisi. Kwa lori, maana yake ni kubwa. Bati haliliwi sana pale lilipo wazi, bali pale tope lilipoganda ndani ya tao la gurudumu, pale mabati mawili yaliposhikanishwa kwa pointi za kuchomelea, na chini ya puti iliyoanza kuachia. Tena kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo ikianza kati ya mabati mawili huyasukuma yaachane, na mwanya unaopatikana hukaribisha maji mengine.

Chukua mfano wa ukingo wa chini wa mlango. Rangi imeinuka malengelenge mawili matatu, na hakuna linalozidi ukucha wa kidole gumba. Ukiyakwangua kwa ncha ya bisibisi, rangi hubanduka pamoja na unga wa rangi ya tofali, na bisibisi huzama, kwa sababu chini yake hakuna bati lenye doa, kuna tundu. Kutu ilianzia ndani, ambako bati la nje limekunjwa juu ya bati la ndani na vitundu vya kutolea maji vimezibwa na vumbi la miaka, na lengelenge lilikuwa dalili yake ya mwisho. Anayepaka rangi nje na kuacha vitundu hivyo vimeziba ameahirisha kazi tu, awe nyumbani au katika gereji yenye vifaa vyote.

Hapo ndipo hoja ya kutengeneza nyumbani inapopata nguvu ambayo wapinzani wake huipuuza. Gereji huuza saa. Fundi mwenye foleni ya magari hana motisha ya kushinda nusu siku akizibua vitundu vya maji, akisubiri mlango ukauke kwa ndani, kisha akipaka tabaka moja la praima, yaani rangi ya msingi, leo na la pili kesho, kwa kazi ambayo mteja hataiona. Mwenye lori anaweza kuyafanya hayo yote, na baada ya miezi michache anaweza kurudi kuangalia kama kazi imeshika. Isitoshe, gharama kubwa ya kazi ya bodi iko katika kunyoosha uso na kulinganisha rangi, mambo ambayo lori la kazi halina haja nayo. Kiraka kinachoonekana, kilichofungwa vizuri dhidi ya maji, ni bora kuliko uso laini kama kioo uliojengwa juu ya uozo.

Ubishi mkali zaidi, hata miongoni mwa wanaokubaliana kuhusu kazi ya nyumbani, ni kati ya kutibu kutu na kuikata. Dawa za kubadilisha kutu, ambazo nyingi hutegemea asidi ya fosforiki au tanini, zinasifiwa kupita kiasi na kulaumiwa kupita kiasi. Kikemia hazidanganyi: asidi ya fosforiki hugeuza kutu kuwa fosfati ya chuma, na tanini huifanya kuwa mchanganyiko mweusi ulio mgumu kuyeyuka katika maji. Tatizo ni kina. Dawa hufanya kazi inapogusa, na kutu nene yenye magamba huizuia isifike chini. Kwa hiyo inafaa kwenye vishimo vidogo vinavyobaki baada ya brashi ya waya na grainda kulifikisha bati kwenye chuma kinachong'aa. Ikipakwa juu ya magamba ili kuikwepa kazi ya kukwangua, hubaki juu juu.

Puti nayo ina mahali pake, ingawa mahali hapo ni padogo kuliko wengi wanavyodhani. Haikutengenezwa kuziba tundu. Puti ya kawaida ya bodi hunyonya unyevu, hivyo ikiwekwa juu ya tundu ambalo nyuma yake liko wazi, hupokea maji kutoka upande ambao hakuna anayeutazama na kuyahifadhi dhidi ya chuma, hali ileile iliyojitokeza katika tone la Evans. Wenye bidii huiweka juu ya wavu wa waya au karatasi ya alumini, nami sijaona hoja ya kuitetea mbinu hiyo isipokuwa kwamba lori litauzwa upesi.

Inabaki kukata na kuchomelea. Bati la bodi kwa kawaida lina unene wa karibu milimita 0.7 hadi 1, na wembamba huo ndio huwashinda wanaoanza, kwa kuwa moto uliokaa mahali pamoja hutoboa au kulikunja bati. Njia iliyozoeleka ni waya mwembamba wa kuchomelea wa milimita 0.6, na pointi fupi zinazowekwa mbalimbali kuzunguka kiraka, huku bati likiachwa lipoe kati ya pointi na pointi, mpaka mshono ukamilike. Sharti gumu zaidi ni kukata hadi kwenye chuma kizima, kwani kiraka kilichoshikizwa kwenye ukingo uliokwisha kuliwa kitaachia pamoja na ukingo wenyewe. Wanaopinga viraka vya kulaliana, yaani vinavyopandishwa juu ya ukingo wa bati badala ya kukutana nao ncha kwa ncha, wana haki, kwa sababu kila mlaliano ni mwanya mpya wa maji. Hata hivyo, kwenye sakafu ya bodi la mizigo, ambako mtu anafikia juu na chini na kuweza kupaka epoksi pande zote kisha kuziba ukingo kwa gundi ya viungo, kiraka cha kulaliana ni suluhisho la heshima kwa gari la kazi. Kwenye boksi lililofungwa chini ya mlango, kiraka kilekile hakifai, maana upande wa ndani umeunguzwa na moto wa kuchomelea na hakuna brashi itakayoufikia. Dawa yake huko ni nta au mafuta ya sufu ya kondoo yanayopulizwa kwa mrija mrefu baada ya kuchomelea, na kurudiwa kila baada ya muda. Ile lami nyeusi ya mpira inayopakwa chini ya magari ni jambo jingine: ikipasuka hushikilia maji nyuma yake na kuficha kinachoendelea.

Hoja za usalama ndizo zilizo imara zaidi upande wa wanaopinga, na hazijibiwi kwa kusema kwamba mtu atakuwa mwangalifu. Kulala chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki pekee, bila stendi, ni hatari ya kifo. Cheche za grainda karibu na tangi au mabomba ya mafuta hazihitaji bahati mbaya sana ili kuwa moto. Moshi wa kuchomelea chuma kilichopakwa zinki huleta homa ambayo mchomeleaji huisikia saa kadhaa baadaye, na betri isipofunguliwa kabla ya kuchomelea, mifumo ya umeme ya gari inaweza kuharibika. Rangi za kupuliza zenye isosianeti, kemikali ya kuzifanya zigande, zinaweza kusababisha pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Kwa lori la kazi, rangi ya kawaida ya chuma kwa brashi au rola inatosha na inaondoa hatari hiyo yote.

Kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma inayolibeba lori zima, uwiano wa hoja unageuka kabisa. Bodi likitoboka, mvua inaingia. Chasisi ikikatika, mzigo unashuka barabarani. Malori makubwa mengi yana vyuma vya chasisi vilivyoimarishwa kwa joto, na moto wa kuchomelea hulegeza chuma hicho pembezoni mwa mshono. Kingo za juu na za chini ndizo zinazobeba mvutano na mgandamizo mkubwa lori linapopinda kwa mzigo, na ndiyo sababu watengenezaji hukataza kuzitoboa au kuzichomelea ovyo. Kiraka kilichochomelewa vizuri kwa macho kinaweza kuhamishia ufa hatua moja mbele tu. Hata kampuni zenye viwanda hazikuchukulia viraka kama jibu la kutosha: mwaka 2016, katika usuluhishi wa kesi ya pamoja huko Marekani, Toyota ilikubali kugharamia ukaguzi wa fremu za pikapu za Tacoma na Tundra na za Sequoia, magari yapatayo milioni 1.5, na kubadilisha fremu nzima zile zilizooza kupita kiwango.

Hayo hayamzuii mwenye lori kufanya ukaguzi wa chasisi mwenyewe, na ningesema kwamba ukaguzi huo ni kazi yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Nyundo ndogo inatosha kuanzia. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga magamba. Pa kugonga zaidi ni panaposhikia springi, kwenye viungo vya vyuma vya kukingama, na nyuma ya mabano ya tangi ambako tope hukaa mwaka mzima. Kutu ya juu juu isiyopunguza unene wa chuma inaweza kukwanguliwa na kupakwa rangi hapohapo nyumbani. Nyundo ikipenya, au bomba la breki likionekana na vishimo, kazi inahamia kwa fundi mwenye ujuzi wa chasisi, na lori halibebi mzigo hadi hapo. Wengi huanza na mlango kwa sababu ndio unaoonekana, wakatumia wiki nzima na fedha zao kwenye bodi, kisha wakagundua kuwa chuma kinachoubeba mlango huo kimekwisha. Lori la namna hiyo linastahili fremu nyingine au kuuzwa kwa vipuri, na kiraka kipya cha mlangoni hakitaongeza chochote kwenye bei yake.