Z, Mchezaji Kiraka

Mihimili ya dola ni mitatu, na hata mtoto wa darasa la tano atakutajia: Serikali, Bunge, Mahakama. Mmoja ukiingilia kazi za mwingine, kelele nchi nzima. Sasa shika pedi ya USB. (Pedi ya gemu, jamani. Ukifika dukani Kariakoo malizia jina, usije ukaonyeshwa rafu nyingine.) Humo ndani mna mihimili sita kwa kawaida, yaani vipimo vya mwendo wa vijiti na vitufe vya kuminya, inaingiliana mchana kweupe, na hakuna anayeitisha kikao.

Kijiti cha kushoto hakina neno. Kushoto-kulia ni X, juu-chini ni Y, wote wamekubali. Balaa liko kijiti cha kulia. Kwenye DualShock 4, pedi ya PS4 ya Sony, na zile pedi za bei chee zinazofanana na za PS2, kinaitwa Z na Rz. Chomeka ya Xbox 360 kwenye Windows, gemu likaisoma kwa DirectInput, njia ya zamani ya Windows ya kusoma pedi: kimekuwa Rx na Ry. Kijiti kilekile, dole gumba lilelile! Na hiyo Rx kwenye DualShock 4 ni nani? Ni L2, kitufe cha kuminya cha nyuma kushoto. Ry ni R2, mwenzake wa kulia.

Ndiyo maana gemu la zamani lililozoea mpangilio wa Xbox ukilipa pedi ya Sony, kamera inazunguka kushoto na kutazama juu kama kuku anayekunywa maji, na wewe hujagusa kitu. L2 isiyobonyezwa inatuma 0. Kwa kijiti, 0 si kutulia. Kutulia ni 127 au 128, na 0 ni kusukumwa hadi mwisho wa kushoto, au wa juu. Gemu limeambiwa kijiti kiko kona, limetii. Halafu lawama anabeba muuzaji.

Chanzo ni orodha ya HID, ile sheria mama ya vifaa vya USB vya kuendeshwa kwa mkono, kama pedi na kibodi. Inataja X, Y, Z, kisha Rx, Ry, Rz, namba 0x30 hadi 0x35. Hiyo R ni mzunguko. Kwa fimbo ya kurushia ndege inaingia akilini: unailaza kwa X na Y, unaipinda shingo kwa Rz. Lakini katika safu hiyo hakuna kilichoandikwa "kijiti cha kulia", basi kila kiwanda kikajichukulia herufi.

Anayeumia ni Z, kiraka wa timu zote. Sony kampanga kijiti cha kulia. Kwenye Linux, dereva ya xpad, ile ya pedi za Xbox, imempanga LT (L2 ya Xbox), na RT (R2 yake) ni RZ. DirectInput nayo imembebesha LT na RT kwa pamoja: moja inamvuta huku, nyingine kule, ukibonyeza zote anarudi katikati. Kwenye gemu la magari maana yake ukikanyaga mafuta na breki pamoja, hujakanyaga chochote. XInput, njia mpya zaidi ya Windows, ndiyo iliyowatenganisha, kila mmoja na 0 hadi 255 yake. Ila XInput hiyohiyo ikaamua juu ni chanya, wakati kwingine juu ni hasi. Kwani ingepungukiwa nini?

Kabla hujarudisha pedi dukani, tazama kitufe cha ANALOG. Taa ikiwa imezima, kijiti cha kulia kwenye pedi nyingi za bei chee kinajifanya vile vitufe vinne vya upande wa kulia. Iwashe. Kisha Windows+R, andika joy.cpl, ingia Properties. Minya L2 na R2 mpaka mwisho mara moja kila kimoja, kwa sababu kuna programu zinazodhani viko katikati mpaka viguswe. Sasa tazama mihimili ukiwa umeachia kila kitu: iliyotulia katikati ni vijiti (au yule Z wa pamoja wa Xbox), iliyolala sifuri ni L2 na R2. Kwenye Linux programu ya evtest inakupa na namba zenyewe.

Gemu likiwa linatumia SDL, maktaba ya programu inayolisomea pedi, unalinyoosha kwa mstari mmoja. Kwa DualShock 4 inayosomwa kwa DirectInput ni rightx:a2,righty:a5,lefttrigger:a3,righttrigger:a4. Hiyo a ni mhimili, ukihesabu kuanzia sifuri. Ndiyo, kutoka a2 mpaka a5, nyumba mbili zimerukwa. Juu-chini ikigeuka, bandika alama ya ~ baada ya a5. Usinakili mstari wa pedi nyingine kwa kuwa tu zinafanana sura. Mstari unaanza na kitambulisho cha pedi husika.

Umemaliza, umetoa jasho, mambo safi. Hamishia pedi kwenye simu ya Android. Kijiti cha kulia kimerudi kuwa Z na RZ, na L2 na R2 kwa baadhi ya pedi zinaitwa BRAKE na GAS. Breki na gesi. Wewe unataka kupiga kona.